LIWALI NI NANI? Asili ya Neno na Cheo Chake

Watu wengi wa bara, na mimi nikiwamo, tulilisikia neno "liwali" kwanza kanisani. Ilikuwa siku za Juma Kuu, msomaji amesimama mbele na kitabu chake, akafika pale Yesu alipofungwa akapelekwa kwa Pilato. Biblia ya Union Version, iliyotolewa mwaka 1952 na ambayo wazee wetu waliisoma hata majani yake yakachakaa, yamwita Pilato liwali. Yamwita hivyo na Kirenio wa Shamu, aliyetawala wakati watu walipoandikwa majina huko Bethlehemu, na yawaita hivyo Feliki na Festo waliomweka Mtume Paulo kifungoni. Basi mtoto wa shule ya misheni hukua akidhani ya kuwa liwali ni Mrumi fulani, mtu anayenawa mikono mbele ya makutano na kumtoa asiye na hatia asulibiwe. Sikuona haja ya kuuliza zaidi ya hapo, wala mwalimu hakusema zaidi.

Dhana hiyo ilinitia aibu baadaye. Nilikuwa karani mgeni katika ofisi moja ya pwani, bado sijazoea joto wala watu. Akaja mzee mmoja, amevaa kanzu safi na kofia ya kushonwa kwa mkono, akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa hati ya hukumu ya mirathi, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu, na chini yake pana maelezo mafupi ya Kiingereza na muhuri uliofifia. Shauri lenyewe lilihusu shamba la minazi alilorithi baba yake. Nikamwuliza, "Shikamoo, mzee wangu. Hukumu hii aliitoa nani?" Akajibu, "Marahaba, mwanangu. Aliitoa Liwali." Nami kwa ujinga wa ujana nikacheka, nikasema, "Kumbe mlifika hata kwa Pilato!" Mwenzangu wa meza ya pili naye akacheka.

Mzee hakukasirika, lakini hakucheka. Aliikunja karatasi yake polepole, akasema, "Liwali huyo nyumba yake ilikuwa ya tatu kutoka kwetu. Mimi nikiwa mtoto nilikuwa nikimpelekea kahawa barazani. Neno usilolijua, mwanangu, usilifanyie mchezo. Kaliulize kwao." Kisha akatoka na hati yake.

Siku ile sikupata usingizi mwema, kwa maana niliona nimemvunjia heshima mtu wa umri wa babu yangu kwa sababu ya neno moja tu. Tena nilihofu jambo jingine. Ikiwa karani hajui Liwali alikuwa nani, atajuaje kama hati ya Liwali ni ya kuhifadhiwa au ni ya kutupwa? Basi nikaanza kuliulizia neno hili, na haya ninayoyaandika hapa ndiyo niliyoyapata.

SI WALI WA KULIWA

Kwanza nilimwuliza karani mwenzangu, mtu hodari wa maneno. Yeye alinihakikishia ya kuwa liwali ni mtu aliyekula wali wakati sisi wengine tulipokula ugali, na ndiyo maana akaitwa li-wali, yaani jitu la wali. Maelezo hayo yalituchekesha sana, lakini hayana kweli. Wali tunaoula ni neno letu wenyewe la Kibantu, nalo halina udugu wowote na liwali. Yamefanana kwa sauti tu, kama vile kaa la moto na kaa wa baharini.

Liwali ni neno la Kiarabu, na asili yake ni al-wali. Kile "al" cha mwanzo ni kiungo ambacho Waarabu hukiweka mbele ya jina, na Waswahili mara nyingi wamekichukua pamoja na jina lenyewe kana kwamba ni kitu kimoja. Ndivyo ilivyokuwa kwa Alhamisi, alfajiri na alasiri. Katika liwali ile "a" ya mbele imeanguka, ikabaki "l", nayo ikapewa "i" ili iweze kutamkika kwa ulimi wetu. Kisha neno likaingizwa katika sarufi yetu, likapata wingi wake, maliwali, na jina la kazi yake, uliwali. Angalieni jinsi Kiswahili kinavyowatenga wenye vyeo vya kigeni. Mtu na watu, mzee na wazee, mfalme na wafalme. Lakini liwali na maliwali, akida na maakida, kadhi na makadhi, diwani na madiwani, chifu na machifu. Wote hao wamewekwa pamoja na mabwana na mabibi.

Jambo lililonishangaza zaidi ni maana ya shina la neno. Kwa Kiarabu shina hilo lina maana ya kuwa karibu na mtu, au kufuatana naye pasipo kitu katikati. Aliye karibu nawe ndiye atakayekusimamia katika jambo lako, na aliyekusimamia ana amri juu ya jambo hilo. Kwa njia hiyo shina moja limezaa jamaa kubwa, na wengi wa jamaa hiyo tunao katika Kiswahili bila ya kutambua ya kuwa ni ndugu. Walii ni mtu mtakatifu, yaani aliye karibu na Mwenyezi Mungu. Na pia ni yule msimamizi anayemwoza binti kwa niaba ya jamaa zake. Wilaya ni nchi iliyo chini ya usimamizi wa mtu. Hata Mola, jina tumwitalo Mwenyezi Mungu katika sala na katika mashairi, latoka katika shina hilo hilo.

Sasa linganisheni na vyeo vingine. Rais ni Kiarabu, na asili yake ni neno la kichwa. Mabaharia wetu wa zamani walilitumia kwa mkuu wa chombo kabla halijatumika kwa mkuu wa nchi. Serikali imetoka Kiajemi, nayo ina kichwa ndani yake, kwa maana "sar" ni kichwa na "kar" ni kazi. Chifu ni Kiingereza, ambacho kilikipata kwa Wafaransa, nao wakakipata katika neno la Kilatini lenye maana ya kichwa. Kwa hiyo rais ni kichwa, serikali ni kichwa, na chifu ni kichwa. Liwali peke yake hakuwa kichwa. Yeye alikuwa mtu wa karibu.

Karibu na nani? Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Waswahili walikuwa tayari na neno la mtu atawalaye kwa haki yake mwenyewe. Walimwita Mwenye, au Mwinyi kwa matamshi mengine, kama alivyoitwa Mwinyi Mkuu wa Unguja. Mwenye ni mwenye mji. Na hata leo tukisema wenyeji wa mahali tunatumia neno hilo hilo. Liwali hakuwa mwenye mji. Alitumwa. Alikaa mahali pa mtu mwingine ambaye hakuwapo, na kila amri aliyoitoa ilikuwa kwa jina la yule asiyekuwapo.

MALIWALI WA MVITA

Mombasa ilimjua liwali kwa ukali kabla ya kumjua kwa upole. Watu wa Omani waliizingira Ngome ya Wareno tangu Machi 1696, wakaitwaa Desemba 1698. Tangu hapo Imamu wa Omani alikuwa akiweka liwali wake katika Ngome ile. Lakini Omani ni mbali, na jahazi husafiri kwa pepo za msimu tu, kaskazi ya kuja na kusi ya kurudi. Barua iliyoondoka Mvita huweza kukaa nusu mwaka kabla ya kupata jibu. Mtu aliyewekwa awe karibu na bwana wake alijikuta yuko karibu zaidi na watu wa mji, na mataifa yao, na masheikh wao, na ugomvi wao.

Katika miaka ya 1730 uliwali wa Mombasa uliangukia mikononi mwa Muhammad bin Uthman, wa jamaa ya Mazrui. Mara Omani kwenyewe kukawa na machafuko, na katika miaka ya 1740 Ahmad bin Said wa jamaa ya Busaidi akawa Imamu. Na huyu Ahmad bin Said alikuwa nani kabla ya hapo? Alikuwa liwali! Alikuwa liwali wa mji wa Sohar, akaulinda mji wake dhidi ya Waajemi hata akapata sifa na nguvu, kisha akapanda juu. Habari hizo zilipofika Mombasa, Muhammad bin Uthman alikataa kumtii. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa: huyu ni liwali kama mimi, na kama yeye ameitwaa Omani, basi mimi nami nina Mombasa.

Hoja hiyo ilimgharimu maisha yake. Imamu aliwatuma watu wakajifanya rafiki, wakamwua ndani ya Ngome, na kiongozi wao akajiweka awe liwali mpya. Ndugu yake, Ali bin Uthman, alifungwa, lakini alitoroka, akakusanya watu wa mji, akairudia Ngome na kuitwaa. Tangu hapo Mazrui waliishika Mombasa hata mwaka 1837, na hata Pemba ilikuwa chini yao kwa muda mrefu. Jina la cheo halikubadilika mara moja, bali maana yake ilikwisha kugeuka, kwa kuwa liwali asiye na bwana wa kumsimamia si liwali tena. Ni mwenye mji.

Seyyid Said wa Omani, mjukuu wa yule Imamu Ahmad, ndiye aliyemaliza jambo hilo. Hapo kwanza Lamu walikuwa wamemwita wao wenyewe, baada ya kuwashinda watu wa Pate na Mombasa katika vita vya Shela. Waliogopa kisasi, wakamwomba awatumie liwali na askari. Hivyo Lamu walimpokea liwali kwa hiari, na Mombasa wakampokea kwa nguvu. Mwaka 1837 Seyyid Said aliingia Ngome, akawakamata wakubwa wa Mazrui na kuwapeleka mbali kwa chombo, wasirudi. Waliobaki wa jamaa hiyo walikaa Gazi na Takaungu.

Katika siku za Masultani wa Unguja liwali hakuwa peke yake. Palikuwa na akida, mkuu wa askari, ambaye jina lake latokana na shina lenye maana ya kufunga fundo, ndugu wa neno itikadi. Palikuwa na kadhi wa kuhukumu kwa sheria ya Kiislamu. Baadaye, mahali padogo, paliwekwa mudiri, na neno lake ni ndugu wa idara na duara, yaani mtu anayezungusha kazi. Liwali na akida hawakupatana siku zote. Mwaka 1875 akida wa Ngome ya Mombasa, Muhammad bin Abdallah, aliasi, na ghasia ile haikutulia mpaka manowari za Kiingereza zilipoipiga Ngome kwa mizinga mwezi wa Januari. Habari za akida huyo ziliandikwa katika kitabu kilichotolewa mwaka 1950, na aliyekiandika alikuwa liwali: Sir Mbarak Ali Hinawy.

Kwa upande wa bara neno hili lilisafiri mbali pia. Hamed bin Muhammad el Murjebi, ajulikanaye kwa jina la Tippu Tip, alikuwa na nguvu zake mwenyewe katika nchi ya Manyema, na watu wake, na bunduki zake. Hata hivyo mwaka 1887, huko Unguja, Stanley alifanya naye mapatano awe gavana wa Stanley Falls kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, naye aitweke bendera ya Kongo. Alikuwa liwali wa mfalme ambaye hakupata kumwona kwa macho. Kazi hiyo haikumnufaisha sana. Aliondoka Kongo mwaka 1890, na baada yake Wabelgiji na Waarabu wakapigana vita vilivyomaliza utawala wa watu wake huko.

CHINI YA WAINGEREZA

Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilipokodi pwani kwa Sultani mwishoni mwa miaka ya 1880, iliwakuta maliwali katika miji, ikawaacha katika kazi zao na kuwalipa mishahara. Ilikuwa ni busara, na tena ilikuwa ni uvivu kidogo, kwa kuwa Wazungu wenyewe walikuwa wachache. Mwaka 1895 Kampuni iliondoka, Serikali ya Kiingereza ikaingia, na Desemba ya mwaka huo mapatano yalitiwa sahihi na Sultani Hamed bin Thuwaini. Pwani, kwa upana wa maili 10 kutoka baharini, ilibaki kuwa ya Sultani kwa jina, nayo ilitawaliwa na Waingereza kwa kodi ya kila mwaka. Bendera nyekundu iliendelea kupepea juu ya Ngome ya Mombasa.

Asiyeamini ya kuwa neno laweza kumwaga damu na atazame Takaungu. Mwaka huo huo wa 1895 liwali wa huko alikufa, na palitokea ugomvi juu ya nani wa kumrithi. Waingereza walimtaka mmoja, na wengine katika jamaa ya Mazrui walimtaka mwingine. Kwao haikuwa kazi ya mshahara ya kutolewa na mgeni, bali ulikuwa ufalme wa nyumba yao. Mbaruk bin Rashid wa Gazi aliingia katika ugomvi huo, na pwani yote ikawa vitani hata mwaka 1896, Mbaruk alipovuka mpaka akajitia mikononi mwa Wadachi. Waingereza walimwona liwali kuwa mtumishi wa Serikali, na Mazrui walimwona kuwa mwenye nchi. Neno ni moja, na kila upande ulilisikia kwa sikio lake.

Tangu hapo liwali alikuwa mtu wa baraza na kalamu. Alisikiliza mashauri ya Waislamu, alimshauri Bwana D.C., alipatanisha jamaa zilizogombana, alishuhudia hati. Sheria za mahakama zilimtambua pamoja na kadhi na mudiri. Aliyekuwa mkuu wao wote aliitwa Liwali wa Pwani. Sir Ali bin Salim, mwana wa Salim bin Khalfan aliyekuwa liwali kabla yake, alishika cheo hicho mpaka alipostaafu mwaka 1931, na tangu 1941 mpaka 1959 alikuwapo Sir Mbarak Ali Hinawy niliyemtaja.

Hata hivyo, nisije nikawapaka mafuta. Maliwali walichaguliwa katika jamaa chache, wengi wao Waarabu, na Waafrika waliokaa ndani ya zile maili 10, Wamijikenda hasa, mara nyingi waliona ya kuwa baraza lile si lao. Mwenye shamba alikuwa karibu na liwali; aliyelima shamba la mwenyewe alikuwa mbali. Ugomvi wa ardhi uliotokana na siku hizo haujaisha pwani hata leo, na karani yeyote aliyefanya kazi huko anaujua uzito wa majalada yake. Katika Tanganyika, Wadachi waliwatumia maliwali, maakida na majumbe hata mahali pa bara ambapo watu hawakupata kuwaona kabla, na chuki juu ya maakida ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyowasha Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Waingereza walipoitawala nchi hiyo, Gavana Sir Donald Cameron aliyefika mwaka 1925 aliwaondoa maakida na kuyatafuta makabila yenye watawala wao wenyewe.

MWISHO WA CHEO

Uhuru wa Kenya ulipokaribia, swali lilikuwa kama pwani ni ya Kenya au ni ya Sultani. Wako waliotaka mwambao ujitenge. Sir James Robertson aliletwa mwaka 1961 kuchunguza jambo hilo, na shauri lake lilikuwa pwani iunganishwe na Kenya. Oktoba 1963 Waziri Mkuu wa Kenya, Bwana Jomo Kenyatta, na Waziri Mkuu wa Unguja, Sheikh Muhammad Shamte, waliandikiana barua. Katika barua hizo Kenya iliahidi kuhifadhi dini ya Waislamu, hati za mashamba, mafundisho ya Kiarabu kwa watoto wa Kiislamu, na kazi ya Makadhi. Kadhi alihifadhiwa, na hata katika Katiba ya mwaka 2010 mahakama yake yamo. Liwali hakuhifadhiwa. Bendera nyekundu ilishushwa, na tarehe 12 Desemba 1963 Kenya ikawa huru. Siku 31 baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea mapinduzi Unguja, na Sultani Jamshid akaondoka kwa chombo.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu ndipo nilipofahamu kwa nini kadhi aliishi na liwali akafa. Kadhi husimama juu ya sheria, na sheria ya dini haipandi chombo ikaondoka. Liwali alisimama karibu na mtu. Mtu huyo alipokuwa hayupo tena, wala Unguja wala Mombasa, neno lilikosa pa kuegemea. Huwezi kuwa karibu na kiti kitupu.

Watoto wake, hata hivyo, wamebaki. Tanzania hata leo imegawanywa kwa wilaya, na Kenya nayo ilitumia neno hilo kwa miaka mingi mpaka kaunti zilipoingia mwaka 2013. Kaunti hizo huongozwa na gavana, neno tulilolipata kwa Waingereza, na ambalo shina lake la kale la Kiyunani lina maana ya kushika usukani wa merikebu. Kwa hiyo Mombasa, mji wa mabaharia, umetoka kwa mtu wa karibu ukaenda kwa mshika usukani. Omani, neno lilikotoka, wali yupo mpaka sasa, na kila wilaya ya nchi hiyo ina wa kwake. Yupo Aljeria pia, naye vali wa Uturuki ni huyo huyo kwa matamshi mengine.

Na Pilato je? Nilimrudia mwishoni, nikiwa na kusudi la kuwalaumu wafasiri wa Biblia kwa kumharibia liwali jina. Nikaona lawama hiyo si ya haki. Pilato hakuwa mfalme. Alikuwa mtu wa Kaisari, amewekwa katika nchi ya watu wengine ashike amri kwa jina la bwana aliye ng'ambo ya bahari, naye aliogopa kusemwa huko ya kuwa si rafiki wa Kaisari. Katika Biblia ya Kiarabu naye aitwa al-wali. Wafasiri walilichagua neno sawasawa kabisa. Ni sisi wa bara tuliolisoma kwa mtu mmoja mbaya, tukadhani ubaya wake ndiyo maana ya neno. Tafsiri ya Habari Njema imemwita mkuu wa mkoa, na watoto wa siku hizi wanaoisoma hiyo huenda wasilisikie neno liwali kamwe.

Yule mzee alirudi baada ya majuma matatu. Nilisimama kumpokea, nikamwomba radhi, nikamwambia niliyoyapata, tangu al-wali mpaka Sohar. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama nimejua ya kuwa Mola ni wa jamaa hiyo. Nikasema nimejua. Akaitoa hati yake, nikaipokea kwa mikono miwili, nikainakili na kuitia katika jalada la shamba lake. Penye nafasi ya kuandika cheo cha aliyetoa hukumu, mwenzangu wa meza ya pili alinishauri niandike "hakimu" ili mambo yawe mepesi. Niliandika Liwali.